Usukani wa Treni

Jumatatu, 10 Februari

Wamenipa kamera.

Si kamera ya kushika. Iko ndani ya kompyuta, na mtu anaiweka anapotaka: juu ya mlima, chini ya gurudumu, hata ndani ya jicho la mbuzi. Asubuhi mwalimu Salvator aligawa kazi za filamu yetu ya katuni. Candide anaunda treni. Amandine anatafuta sauti. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na dirisha, nikiomba nipewe kupaka majani rangi, kazi ambayo mtu haulizwi kitu. Akasema, "Hiba, we utapanga plani."

Plani ni kipande kimoja cha filamu ambacho kamera inakitazama bila kukatwa. Anayezipanga ndiye anayeamua watu waone nini, na waone wakiwa wamesimama wapi.

Nikasema, "Mimi?"

Amandine akageuka na kiti chake chote. "Ewe sha! Kumbe anaongea!"

Darasa likacheka. Tuko kumi na mmoja, juu ya duka la dawa, mtaa wa Mutanga Sud, na nadhani hata watu wa duka la dawa walisikia.

"Cheka tu," Salvator akasema. "Mutu huyu anaangalia kuliko ninyi wote. Wiki tatu sijamuona anagusa simu."

Sikujua kwamba alikuwa ananiona.

Jumatano, 12 Februari

Hadithi imepitishwa. Treni ya kwanza inafika Bujumbura. Kila mtu siku hizi anasema reli inakuja kutoka Tanzania, basi sisi tumeamua ifike kwetu kabla ya wengine. Mji wote umetoka kuitazama. Msichana mdogo anamkimbilia mbuzi wake na kuingia kwenye reli. Dereva anamwona. Msichana anapona. Mbuzi pia.

Tutaionyesha tarehe 26 Aprili, mbele ya wazazi.

Jumapili, 16 Februari

Mvua. Umeme hakuna.

Jumanne, 18 Februari

Leo Salvator aliuliza nani amewahi kuona treni. Si kwenye simu, kwa macho. Hakuna mkono uliopanda. Amandine akamwuliza, "Na weye, Mwalimu?" Akajikuna shingo. Hata yeye.

Nilishangaa kidogo, kisha nikasahau, kwa sababu Candide alituonyesha picha aliyoipata ya ndani ya kichwa cha treni. Vyuma, vishikio, saa za mvuke, na pembeni gurudumu dogo la chuma. "Volani hii hapa," akasema, akiuzungushia kidole usukani wake. Anataka kuuchora mkubwa zaidi, wa mbao, wenye alama za mikono ya dereva. Anasema kitu kizee kinapendeza kikiwa na alama za watu.

Candide ananiogopesha. Anaongea haraka na hapendi mtu aguse kiti chake.

Jumatatu, 24 Februari

Plani ya kumi na nne! Naiandika ili nisiisahau hata nikizeeka.

Kamera iko nyuma ya bega la dereva. Mbele, kwenye kioo, msichana ni mdogo kama punje. Anakua. Mikono ya dereva inashika usukani na kuukata kwa nguvu kushoto, na treni inahamia kwenye reli ya pili, kama teksi inavyohamia kumpisha mtu wa baiskeli. Msichana anapita upande wa kioo, nywele zimesimama. Sekunde sita.

Niliwaonyesha michoro. Kisha Candide akapiga meza kwa kiganja, "Voila! Hiyo ndiyo filamu!" Darasa lote likapiga meza. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka uso ukapoa.

Jumamosi, 1 Machi

Mfungo umeanza. Bibi Mwanamwema amekataa kusikia habari za sukari yake na anafunga. Baba amegombana naye. Bibi ni mama yake baba, chumba chake kinatazama barabara, na katika nyumba yetu hapa Buyenzi hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Jumapili, 9 Machi

Umeme saa mbili tu. Kompyuta imetoa plani moja na nusu.

Jumanne, 11 Machi

Candide alichelewa. Aliingia saa tano, matope mpaka magotini, sanduku la kompyuta kichwani likiwa limefungwa ndani ya mifuko ya plastiki na kitenge cha mama yake. Maji yameingia kwao Gatumba usiku. Petroli hakuna, basi hakuna gari. Ametembea kutoka Gatumba. Na kompyuta.

"Vitu vya nyumbani je?" Salvator akamwuliza.

"Mama anaviangalia. Mi nimeleta treni."

Akafungua mifuko. Mkono wa dereva ulikuwa umekamilika, na usukani pia. Wiki tatu za kazi. Alikuwa amechora hata ufa mdogo kwenye mbao, mahali kidole gumba kinapokaa. Nilimletea kiti chake. Hakunikataza kukigusa.

Alhamisi, 20 Machi

Sijui nianzie wapi.

Baada ya kufuturu nilitandaza michoro yangu kwenye mkeka ili nihesabu plani zilizobaki. Bibi alikuwa anakunywa uji. Akainama, akavuta ya kumi na nne kwa kidole cha mguu.

"Hii ni nini?"

"Ndani ya treni, Bibi. Huyu ni dereva."

"Na hii duara?"

"Usukani."

Alicheka. Bibi hachekagi vile. Alicheka mpaka uji ukamwagika, mpaka baba akaja mlangoni na kitambaa cha mafuta mkononi kuuliza kuna nini. "Nasser, njo uone! Mutoto wako ameipa treni usukani! Itaenda wapi na huo usukani, itaenda kununua mukate?"

"Bibi, treni ina..."

"Treni haina usukani, mama. Inafuata chuma. Chuma kikienda, inaenda. Dereva ana kuenda na kusimama, basi."

Nilihisi kama mtu amevuta mkeka chini yangu. Nikasema polepole, "Basi anamkwepaje mtoto?"

Hapo ndipo bibi alipoona mchoro uliofuata, wa msichana kwenye reli. Kicheko kilikatika, mara moja, kama umeme unavyokatika.

"Huyu mutoto anafanya nini hapo?"

"Anapona. Dereva anakata kona."

"Anakata wapi?" akasema. Si kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuonyeshwa mahali. Kisha akainuka, akaenda kuswali, na hakurudi barazani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimetazama video tisa kwenye simu ya baba. Hakuna usukani. Gurudumu la chuma kwenye picha ya Candide ni la breki ya mkono, la kuizuia treni ikiwa imelala kituoni. Tumetazama treni mwezi mzima, sisi kumi na mmoja na mwalimu, na hakuna aliyeuliza.

Bibi haongei nami.

Jumanne, 25 Machi

Haongei.

Jumamosi, 29 Machi

Ameongea.

Nilikuwa nachambua mchele. Alikuja akakaa mbele yangu, akachukua sinia, akaanza kuchambua yeye.

"Baba yangu alikuwa dereva," akasema.

"Dereva wa nini?"

"Wa hicho kitu unachora."

Mimi ninamjua baba yake kwa picha moja tu, ile iliyo juu ya kabati: Mzee Shakuru, fundi baiskeli wa Buyenzi, amechuchumaa na spoki ya gurudumu mdomoni. Nilifikiri bibi anachanganya mambo kwa sababu ya njaa ya mfungo. Lakini aliendelea, na macho yake yalikuwa kwenye mchele tu.

Walikuwa wanakaa Kigoma. Mzee Shakuru aliendesha treni ya Kigoma na Tabora, mmoja wa Waafrika wa kwanza kupewa kichwa cha treni mkononi mwake. Siku moja alimchukua bibi, akamkalisha kwenye behewa la kwanza. Bibi alikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Tulikuwa tumepita Uvinza. Asubuhi. Kulikuwa na mwanamuke kwenye reli, na mutungi kichwani, upepo unapiga huku na sisi tunatoka huku. Hakusikia. Mi sikumuona, mi nilisikia honi tu. Na breki. Hiba, ile sauti ilianza na haikuisha. Mama mmoja mbele yangu chai yake ilimwagika, ikaja polepole kwenye ubao, ikafika kwenye miguu yangu, na bado tulikuwa tunaenda. Nikasema moyoni, si amefunga breki? Mbona tunaenda?"

Aliokota jiwe kwenye mchele, akalitazama.

"Iliposimama, tulikuwa tumeshapita. Mbali. Baba alishuka, akakaa chini kwenye mawe, akavua viatu. Sijui kwa nini alivua viatu. Watu wakatoka kwenye mashamba. Unajua walimuuliza nini?"

Nilijua.

"Kwa nini hukukata kona. Wanamuonyesha na mikono: huku pembeni kuna nafasi, si ungepita hapa? Ulimuona, kwa nini hukukata? Walimpiga. Watu wa treni walimuondoa. Wakubwa wa reli waliandika kwamba hana kosa, lakini nani alisoma? Kigoma nzima, sokoni, musikitini: huyu alimuona mutu na hakukata. Baada ya miezi mbili tukapanda meli. Alitafuta muji ambao hauna treni."

Ndiyo maana tuko hapa. Nimezaliwa Bujumbura, baba yangu amezaliwa Bujumbura, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Na mimi nimekaa wiki sita kwenye kompyuta nikitengeneza, kwa uangalifu wote, dereva anayeweza kukata kona.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimekula sana na sikusikia ladha.

Jumatano, 2 Aprili

Niliandika kwenye karatasi, kama kawaida yangu, nikaiweka kwenye meza ya Salvator. Aliisoma kwa sauti akidhani ni swali la kamera. "Treni haina usukani." Darasa likacheka. Yeye pia. Kisha akanitazama na akaacha.

"Nani amesema?"

"Bibi yangu. Na nimetazama video." Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kusimama.

Candide: "Mi nimeuona na macho yangu! Iko kwenye picha!"

"Hiyo ni breki ya mkono."

Salvator alichukua simu yake, akatazama video moja, dakika mbili nzima, tukisikia jenereta ya duka la dawa chini. Akaketi. "Miaka sita ninafundisha," akasema, kama anajiambia. "Mana yanje, Mungu wangu. Miaka sita."

Sikufikiri Candide anaweza kulia. Alilia bila kujificha, amekaa wima, anaitazama skrini yenye mikono ile miwili. "Nimeibeba kwenye maji," akasema. "Basi ibaki hivyo. Nani atajua? Mutuonyeshe mutu mumoja Bujumbura hii amepanda treni!"

Amandine akamshika bega. "Hiba, sikia. Ni katuni. Kwenye katuni mbuzi anaongea Kifaransa. Sasa mbuzi aongee, halafu treni isikate kona?"

Walicheka tena, hata Candide kidogo na kamasi zake, na nilielewa kwamba Amandine ana haki. Jibu lilikuwa la bibi, na sikuwa nimemwomba ruhusa. Wakapiga kura: tisa kubakisha, Salvator hakupiga, mimi peke yangu kutoa. Mmoja alikuwa mgonjwa nyumbani.

Nilitembea mpaka Buyenzi kwa mvua nikiwa nimesahau mwavuli darasani.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilimwuliza bibi kama naweza kumwambia mtu mmoja. "Mumoja," akasema. "Na awe mutu ana akili."

Ijumaa, 4 Aprili

Nilimwambia Candide, kwenye ngazi, akiwa anakula sambusa. Nilimwambia yote: chai, viatu, mikono ya watu ikionyesha pembeni. Alimaliza sambusa, akapangusa vidole kwenye suruali, akarudi darasani. Nilimchukia. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilimchukia mpaka jioni.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilipofika Candide alikuwa ameshawasha kompyuta. Akaniita kwa kidole.

Kwenye skrini kulikuwa na chumba cha dereva, na mikono miwili hewani ikishika kitu ambacho hakipo. Alikuwa ameufuta usukani. Si kuuficha pembeni; kuufuta kabisa, na faili ya akiba pia.

"Sasa sema, plani ya kumi na nne inakuwa nini," akasema. "Haraka, kabla sijajuta."

Wengine walipofika walipiga kelele. Amandine alimwita kichaa. Candide akasema, "Ni kitu yangu, nimeifuta. Mwenye volani ingine alete." Hakueleza kwa nini. Nilidhani ninamjua tangu Februari. Simjui.

Jumanne, 8 Aprili

Zimebaki siku kumi na nane. Hatuwezi kuunda kitu kipya kikubwa. Nikauliza moyoni: mtu akae wapi ili ajue treni haiwezi kukata kona? Kamera ikiruka huku na huku, mtazamaji atadhani kuna njia tumemficha. Basi isiruke.

Nilimwomba bibi afumbe macho. Nikashika saa ya baba. Nikamwambia, honi inalia sasa, wewe niambie imesimama lini.

Alifumba. Nilisikia mtu anapita barabarani akiuza mkaa. Nilisikia maji ya bomba. Nilidhani amelala. Midomo yake ilikuwa imebana. Kisha akasema, "Hapo."

Sekunde arobaini na moja.

Jumatano, 9 Aprili

"Arobaini na moja!" Salvator alishika kichwa. "Plani moja? Bila kukata? Watu watalala, Hiba."

"Hawatalala."

"Kamera inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Iko nyuma ya bega lake. Mkono wake uko kwenye breki."

"Na mutoto?"

"Tunamuona mwanzoni. Halafu mvuke unafunika kioo."

"Anapona ao hapana?"

"Dereva hajui bado," nikasema. "Na sisi tuko nyuma ya dereva."

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha akaandika 41 ubaoni na kuizungushia duara.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua siku tatu. Plani ya kumi na nne iko kwenye sekunde ya ishirini na mbili.

Jumatano, 23 Aprili

Imekwisha. Amandine ametengeneza breki kwa kuburuta mlango wa chuma wa duka la dawa. Hajui ameipata kutoka wapi sauti ile. Mimi najua: ni ile ya Uvinza.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika asubuhi ya Jumapili, lakini ni ya jana.

Ukumbi ulijaa. Wazazi, watoto, wanafunzi wa chuo kikuu waliokuja kwa sababu ya Fanta. Baba alifunga gereji yake mapema. Bibi alivaa baibui jipya, akakaa kati yetu. Nilikuwa nimemwambia anaweza kutoka wakati wowote. "Mi si mutoto," akasema.

Mwanzo walicheka tulipotaka wacheke. Mbuzi aliposema "Pardon, madame" ukumbi ulianguka kwa kicheko. Kisha msichana akaingia kwenye reli.

Honi. Mkono kwenye breki. Mlango wa chuma wa Amandine ukaanza kulia.

Nilihesabu. Tano. Sita. Saba. Kwenye ya nane mtoto mmoja mbele akapiga kelele, "Kata kona!" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Kata!" Kwenye ya kumi na mbili walikuwa wengi, watu wazima, wanaume wenye magari yao nje, wanawake wamesimama: "Kata kona! Pembeni! We dereva, kata!" Wanaonyesha kwa mikono. Mikono yote ikaonyesha upande wa kushoto, mahali palepale mimi nilipopeleka treni mwezi wa pili. Nilimgeukia bibi.

Hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amesimama.

"Hawezi!" Sijawahi kusikia sauti ile. Ilikuwa juu, nyembamba. "Hawezi kukata! Haina usukani! Amefunga breki tangu zamani, hamuoni mukono wake? Muangalie mukono!"

Ukumbi ulinyamaza. Sijui kwa sababu ya umri wake au ya sauti. Watu walikaa mmoja mmoja. Zilikuwa zimebaki sekunde ishirini au zaidi, na kwa sekunde hizo zote watu mia mbili wa Bujumbura waliutazama mkono wa dereva. Treni ikasimama. Dereva akafungua mlango, akashuka, na kamera ikabaki ndani na kiti chake kitupu. Filamu ikaishia hapo.

Hawakupiga makofi. Salvator aliwasha taa na walikuwa wamekaa hivyohivyo. Mwanamume mmoja alimwuliza jirani yake polepole, "Kumbe haina?"

Ndani ya gari baba ndiye aliyeanza. "Mama, vipi umejua mambo ya treni?"

"Baba yangu aliendesha."

"Babu? Babu Shakuru wa baiskeli?"

Bibi alimweleza, kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi. Tulikuwa tumeshuka mpaka karibu na soko. Kisha akasema kitu ambacho mimi pia hakuniambia.

"Siku ile walipokuwa wanampiga, mi nilikuwa nimesimama pale. Hatua tatu. Nilikuwa najua haina usukani, alikuwa ameshanipeleka ndani, amenionyesha kila kitu. Mi peke yangu kati ya wale watu wote nilikuwa najua. Nikanyamaza."

Baba alisimamisha gari katikati ya barabara. Nyuma yetu walianza kupiga honi, moja, mbili, kisha nyingi.

"Endesha, Nasser," bibi akasema. "Unafungia watu njia."